Anayekupa Huonja Kwanza

Nyinyi mliobaki kwenye chumba cha vidonda mliniambia siku ya kuagana kwamba niandike, kwa sababu nikisimulia huwa natoka nje ya njia. Nimejaribu kufuata mpangilio. Wanaotafuta habari za vyeo watazikosa, maana vile vichache nilivyopata vilikuja pamoja na funguo za stoo na lawama. Nitaandika juu ya ngozi na juu ya kushuku, kwa sababu katika kazi yangu vitu hivyo viwili havikuwahi kuachana.

Nilianzia Ruiru, kwenye kliniki ya vyumba vichache karibu na soko, nikiwa muuguzi mchanga kutoka upande wa Machakos, Kikuyu changu kikiwa cha kusalimia tu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba muuguzi wa kiume huitwa daktari mpaka kitu kiharibike. Kikiharibika anaitwa nesi. Mengine yote nilifundishwa na Sista Nyokabi, mkuu wa kliniki, mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliyemshuku kila mtu kwa usawa bila kuangalia kabila wala dini. Aliwashuku wagonjwa, waliowaleta wagonjwa, wauza dawa, na lile jiko la kuchemshia vyombo, ambalo kwa kweli lilistahili.

Asubuhi yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya mikebe ya vidonge, akasaga kipande cha kila aina kwa mgongo wa kijiko, akaniambia nilambe. Nilidhani ananitania.

"Utakuwa unawapa watoto hizi," akasema. "Ukimwambia mtoto ni tamu na si tamu, kesho hafungui mdomo, na mamake hakuamini tena. Onja ujue unampa nini."

Nikaonja zote. Iliyonikaa ni prednisoloni, kidonge kidogo cheupe ambacho ukikitazama utakidharau. Huanza kama chaki, kimya kabisa, halafu uchungu unapanda pembeni mwa ulimi, na ukishameza na kudhani umekwisha, unarudi. Nilikunywa maji mpaka tumbo likalia, na wakati wa chakula cha mchana uchungu ulikuwa bado uko nami. Siku hizi taratibu haziruhusu kuonja dawa za wagonjwa, kwa hiyo msionje. Nawaambia hivyo nikijua mtaonja.

Jambo lile halikuwa geni kwangu. Kwetu, nyanya yangu hakumpa mgeni kibuyu cha uji kabla ya kupiga funda moja yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni. Anayekupa huonja kwanza, ili ujue hakuna kitu ndani. Nilikua nikidhani ni adabu tu. Nyokabi ndiye aliyenifanya nielewe kwamba adabu nyingi zilianza kama tahadhari.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa malengelenge alikuwa mlinzi wa ghala, mzee, aliyeletwa na mkewe na jirani mmoja mwenye maneno mengi. Mapaja na tumbo vilikuwa vimejaa malengelenge makubwa. Jirani alitueleza, kabla hatujauliza, kwamba mke alimmwagia mume maji ya moto, na kwamba mtaa mzima ulijua. Mke alikaa mwisho wa benchi akitazama sakafu. Mimi nilikuwa tayari kuamini, kwa sababu yule jirani alieleza vizuri. Nyokabi aliinama na tochi, akaangalia kwa muda, akabonyeza lengelenge moja. Lilikuwa gumu, halikupasuka.

"Maji yakimwagwa yanateremka, yanaacha njia," akaniambia. "Hapa njia iko wapi? Na haya ya chini ya mshipi, maji yalipita wapi bila kuunguza mahali mshipi umekaa?" Kisha akamgeukia jirani. "Wewe nenda nyumbani. Asante kwa kumsindikiza."

Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza habari za magonjwa haya. Kinga ya mwili, alisema Nyokabi, ni askari wa mlangoni. Kazi yake ni kushuku wageni. Kuna watu ambao askari wao siku moja, bila sababu anayoijua mtu, humgeukia mwenye nyumba. Hushambulia ile gundi inayoshikilia ngozi, ngozi inaachana, maji yanaingia katikati. Kuna aina ya malengelenge magumu, ambayo hupenda wazee. Na kuna aina ya malengelenge laini, yanayopasuka ukiyagusa, ambayo mara nyingi huanzia mdomoni. Hiyo ya pili inaitwa pemfigasi, na ndiyo ya kuogopa. Haiambukizi wala hairogwi, lakini huwezi kumshawishi jirani.

Mzee alitibiwa Nairobi akapona. Mkewe alirudi kunishukuru, ingawa mimi nilichofanya ni kushika tochi. Jirani hatukumwona tena.

Baadaye nikahamishiwa Thika, hospitali kubwa, wodi yenye kelele, na kliniki ya ngozi mara moja kwa wiki chini ya Daktari Achieng. Huyo alikuwa mtaalamu wa ngozi, mwanamke mrefu aliyependa ushahidi na kuchukia hadithi. Kwake nilijifunza mambo mawili ambayo nataka myashike. La kwanza ni kidole gumba: ukikisukuma kwa upole kando ya lengelenge laini, na ngozi ya juu ikasogea kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, usipoteze muda, mwite daktari. La pili ni majani ya ndizi. Mtu aliyechubuka mgongo mzima ukimlaza kwenye shuka, shuka hunata, na ukimgeuza unambandua. Jani la ndizi halinati. Kata jani changa ambalo upepo haujalichana, toa ule uti wa katikati, lioshe, lipitishe juu ya moto kidogo lilegee, liache lipoe, kisha utandike. Wakaguzi wawili tofauti waliwahi kuniuliza ninapika nini wodini.

Basi ndio tufike kwa Mama Wairimu wa Murera.

Alikuja mara ya kwanza akiwa amekonda, vidonda vimejaa mdomoni, akiwa amesukutua kila kitu kinachosukutuliwa kuanzia Juja hadi mjini. Mgongoni na kifuani malengelenge laini yalikuwa yameanza. Nikatumia kidole gumba, ngozi ikasogea, kipande kikapelekwa maabara, jibu likarudi pemfigasi. Akawekwa kwenye prednisoloni, dawa ya kumtuliza yule askari, dozi kubwa, na baada ya wiki kadhaa za majani ya ndizi alirudi nyumbani akitembea. Wa kumpa dawa alikuwa Njoki, mke wa mwanawe Kamau. Njoki alikuwa msichana mtulivu wa kutoka Ruiru, mama wa watoto wawili. Kwa kuwa mdomo wa mama mkwe ulikuwa bado unauma, alisaga vidonge kwenye kijiko na kumpa na maji kidogo kila asubuhi. Kamau mwenyewe alikuwa dereva wa lori la mawe, na nyumbani alionekana kwa nadra.

Kliniki za kwanza zilikwenda vizuri. Daktari akaanza kupunguza dozi, na hapo nikaanza kushuku. Prednisoloni hujaza uso; mnajua ile sura ya duara, mashavu yamepanda, macho yamekuwa madogo. Dozi ikishuka, uso nao hushuka. Wa Mama Wairimu ulizidi kujaa. Sukari ikapanda. Ngozi ilikuwa safi mno, safi kuliko dozi ile ndogo ilivyoweza kueleza, na mimi kitu kikienda vizuri kupita kiasi huwa sipati usingizi.

Nikamshuku Njoki. Sikuona wa kumshuku mwingine, maana dawa ilikuwa mikononi mwake. Nikamwambia alete mkebe, nikavihesabu vidonge mbele yake. Vilikuwa sawasawa kabisa.

"Kuna mwingine anampa kitu?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Mimi nampa hizi tu, daktari. Chakula napika mimi. Jumapili ndiyo Wairimu hukuja na vitu zake."

"Vitu gani?"

"Matunda. Uji. Na unga wa uji wa wiki nzima. Si ni mamake?"

Wairimu nilikuwa nimemwona. Ndiye kifungua mimba, ndiye aliyempa mamake jina. Aliuza nguo za mitumba Githurai 45 na alikuwa na ulimi wa biashara hiyo. Kliniki iliyofuata alikuja mwenyewe na mama, akampiga begani kwa furaha. "Si unaona vile Mum amenona, daktari? Na si hizo dawa zenu, usidhani." Nilimuuliza basi ni nini. Akacheka, akasema ni Mungu. Nikaandika moyoni kwamba Mungu hapandishi sukari.

Halafu Wairimu na Njoki wakagombana. Mama Wairimu alikuwa amempa Kamau kona ya shamba ajenge, na Wairimu akaona mkono wa Njoki katika jambo hilo. Aliapa hatakanyaga boma lile maadamu Njoki ndiye anayepika. Jumapili zikapita hajaenda. Haukuisha mwezi, Mama Wairimu akaletwa kwetu akiwa amelegea, anatapika, presha iko chini kabisa, mgongo wote umechubuka kutoka mabegani hadi kiunoni.

Wairimu alifika kabla hatujamaliza kumwekea dripu, akazungumza na wodi nzima.

"Nilikuwa nikienda hapo kila wiki Mum alikuwa poa. Nimetoka tu, angalia! Huyu amemchoma. Kama hajamchoma amemwekea kitu. Anataka shamba."

Njoki alikuwa kando ya kitanda ameshika kanga ya mama. Alinitazama mimi, na nadhani aliona kwamba mimi pia nilikuwa nikimtazama yeye. Sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo, ndiyo kazi. Lakini niliona pia kwamba hapakuwa na njia ya maji, wala alama ya moto, na malengelenge yalikuwa yale yale laini ya mwanzo. Nilimwambia Wairimu hivyo. Akaniambia hata mimi pengine nimepewa kitu kidogo.

Tukarudi kwenye majani ya ndizi. Njoki ndiye aliyeyaleta kila asubuhi kutoka Murera, yameoshwa na kutolewa uti, yamefungwa kwenye leso safi. Siku ya pili Wairimu akaingia wakati tunatandika.

"Haiya. Sasa Mum ni ndizi, mnamwivisha?" Akaguna. "Na nani ameleta hayo majani?"

Alipojua ni Njoki, aliyazoa yale ya akiba akayatupa kwenye pipa. Ilibidi nitume mtu anunue mengine sokoni, yakaja yamechanika. Jioni hiyo Njoki aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kwamba Jumamosi wazee wa upande wa mume watakaa, na kwamba ameambiwa afunge vitu vyake.

"Nitarudi kwetu Ruiru. Watoto, wazee wamesema wabaki, ati ni wa hapo." Akakunja leso ya majani. "Yule mdogo bado ananyonya, daktari."

Nilimuuliza Kamau anasema nini. Akasema Kamau amesema tungoje tusikie wazee.

Ndipo nikaanza kukagua kila kinachoingia. Kesho yake Wairimu akaja na thamosi nyekundu. Sheria ya wodi ilikuwa kwamba chakula cha nje kionekane na muuguzi, sheria ambayo hakuna aliyeifuata, mimi nikiwemo, mpaka siku hiyo. Nikamwambia afungue.

"Ni uji, daktari. Uji ya wimbi. Unafikiri naweza kumwekea mamangu sumu?"

"Sifikirii kitu. Kwetu anayekupa huonja kwanza. Onja."

Alimimina kwenye kifuniko akanywa chote, akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, nami nikajua papo hapo kwamba kama kuna kitu mle ndani, yeye anakiamini. Akanimiminia mimi. Uji ulikuwa mzuri, ndimu na sukari ya kutosha. Halafu kikaja kile cha chaki. Halafu uchungu ukapanda pembeni mwa ulimi. Nikameza, nikangoja, ukarudi.

Nimekula mwarobaini, nimekunywa mizizi ya kila aina, na uchungu wake haupandi hivyo. Huu nilijulishwa na Sista Nyokabi kwa mgongo wa kijiko.

"Umetia nini humu?"

Alitaka kukataa, lakini mdomo wangu nadhani ulikuwa umekunjamana. Akashusha sauti. "Ni herbal tu. Kuna jamaa pale Githurai 45 anauza, ya ngozi. Haina chemical. Kila mtu anajua inafanya. Hata Mum si ulimwona vile alikuwa?"

"Alivyonona."

"Ehe."

Alikuwa na unga wenyewe kwenye mkoba, kwenye karatasi. Nikauchukua, uji nikaumwaga, naye akalia kwa hasira kwamba namnyima mamake dawa. Kwa dozi tuliyokuwa tukimpa mama wodini, na ile ya thamosi juu yake, sukari ingetumaliza.

Daktari Achieng alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mutua, siwezi kuandika kwenye faili kwamba muuguzi ameonja." Lakini alikaa chini, akachukua kalamu, akayapanga. Dozi ya hospitali inashuka, uso unajaa, sukari inapanda, ngozi iko safi: anapata steroidi, jamii ya prednisoloni, mahali pengine. Binti anakasirika, haendi tena Jumapili, unga unakwisha: mwili uliozoea kuletewa unakatiwa ghafla, presha inaanguka, malengelenge yanarudi yote kwa pamoja. "Inaingia," akasema. "Lakini maabara ndiyo itakayosema." Maabara haingejibu kabla ya Jumamosi, na Jumamosi Njoki angenyang'anywa mtoto anayenyonya.

Ijumaa nikakaa kando ya kitanda cha Mama Wairimu. Alikuwa amepata nguvu ya kuongea. Nikamuuliza kuhusu uji, nikitegemea kwamba nitampa habari mpya. Alifumba macho.

"Ile ya Wairimu nilijua kutoka siku ya kwanza," akasema. "Uchungu ni ule ule wa kijiko ya Njoki. Mimi si nakunywa kila asubuhi?"

"Na hukusema."

"Ilikuwa inanisaidia. Halafu wakagombana, nikasema nitanyamaza wapatane."

"Mama, kesho Njoki anafukuzwa. Wanasema amekuwekea sumu. Na wewe unajua."

Alifumbua macho.

"Njoki ni msichana mzuri, hata huwezi pata kama yeye. Lakini ni wa watu," akasema. "Mimi naitwa Mama Wairimu. Nimeitwa hivyo tangu nikiwa msichana. Sasa niite wazee niwaambie ni Wairimu? Nitaitwa nani?"

Nilikasirika. Nimeona usaha, nimeona funza, sikuwahi kukasirishwa na kitu wodini kama sentensi ile, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba niliielewa. Nikamwambia kama hasemi yeye, nitakwenda mimi. Akasema niende, lakini nisimtaje Wairimu. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, na alijua ananifunga mikono.

Nilikwenda Murera nikiwa na suti ya kanisani. Wazee walikuwa sebuleni, mwenyekiti akiwa mzee Gitau, shemeji ya Mama Wairimu. Alinipokea vizuri, "mgeni njoo mwenyeji apone," akanipa kiti kilicho mbali na mlango. Kamau alikuwepo, akichezea funguo za lori. Wairimu alikaa dirishani. Begi la Njoki lilikuwa limeshawekwa barazani, na juu yake sweta ya mtoto.

Njoki mwenyewe alikuwa jikoni, kwa sababu hata mkutano wa kukufukuza lazima uupikie chai. Aliileta kwa trei, akamimina, akampa kila mmoja kwa mikono miwili, akatoka. Hakuna aliyegusa kikombe. Mzee Gitau aliomba, akasema kikulacho ki nguoni mwako, wazee wakaitikia, na vikombe vilikaa mezani vikitoa mvuke, kisha vikaacha. Utando wa maziwa ukajikunja juu ya kila kimoja.

Nilipopewa nafasi nilisema nilichoruhusiwa. Kwamba mama yao ana ugonjwa wa mwili kujishambulia, hakuchomwa, hakurogwa. Kwamba alizidiwa kwa sababu kuna kitu chenye dawa alichokuwa anapewa kikakatika ghafla, na kitu hicho hakikutoka kwa Njoki.

"Kilitoka kwa nani?" akauliza mzee Gitau.

Nikasema siwezi kusema.

"Basi wewe unajuaje si yeye?" akauliza, na wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole kama Njoki ni jamaa yangu. Niliona mambo yanakwenda mahali pabaya. Sikuwa na neno jingine, kwa hiyo nikachukua kikombe changu, nikatoa utando kwa kijiko, nikanywa chai baridi mpaka chini. Hakuna aliyenifuata.

Nilimtazama Wairimu. Sikumwamini hata kidogo. Siku mbili kabla nilikuwa nimemweleza yote, unga, uso, sukari, kuanguka, naye alichukua mkoba akaondoka. Sasa alikuwa akitazama kupitia dirisha, kule nje ambako Njoki alikuwa amesimama kwenye migomba na kisu, akichagua jani. Mama alikuwa bado wodini, na kesho bado angehitaji kulala juu ya kitu kisichonata. Alikuwa anafukuzwa na bado anakata majani.

Wairimu akaja mezani, akachukua kikombe kilichokuwa chake, akanywa. Akakirudisha.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa namwekea kwa uji. Nilinunua kwa mtu. Nilidhani namsaidia." Kisha akamwambia Kamau, kwa ukali, kana kwamba kosa lilikuwa lake, "Toa hiyo begi hapo nje, watu wanaona."

Mzee Gitau alisema Mungu ni mwema. Wazee wakanywa chai yao ikiwa baridi kabisa. Hakuna aliyekwenda kwenye migomba kumwambia Njoki kitu. Kamau alilibeba begi akapita nalo mlango wa nyuma, naye Njoki akajua kwa kuliona.

Maabara ilijibu baadaye kama ulimi wangu ulivyojibu. Daktari Achieng aliniletea karatasi mwenyewe, bila maneno, jambo ambalo kwake ni sherehe. Nilipita Githurai 45 kumtafuta yule jamaa wa unga, nikakuta kibanda kinauza kofia. Muuza kofia alisema hajui mwenzake alihamia wapi. Sikumwamini yeye pia.

Mama Wairimu aliendelea kuja kliniki hadi karibu na kustaafu kwangu. Uso ulirudi kuwa wake, dozi ikashuka pole pole kama inavyotakiwa, mdomo tu ndio uliokuwa mgumu kupona. Siku moja walifika mapema kabla ya dawa ya asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa. Njoki alitoa kijiko, akakisaga kidonge, akatia maji. Kisha akachovya ncha ya kidole, akakiinua kidogo ili aliye karibu aone, na jirani yao wa Murera aliyekuwa kwenye foleni akaona. Niliuliza pembeni, nikaambiwa nyumbani hufanya vivyo hivyo, na kwamba asipopata mtu wa kuona hungoja mtu apite barabarani amwite.

Mama Wairimu alimshika mkono.

"Usionje, Njoki," akasema. "Nipe tu."

Njoki akaonja. Uso ukakunjamana, akangoja uchungu urudi, ndipo akampa.